Jeideni ana kosa gani?

Jumanne nilimpeleka mtoto wa dada yangu kliniki kupima uzito. Mbele yetu alikuwepo mama kijana, khanga imepauka, kadi ya mtoto kaiviringisha kwenye nailoni isilowe. Nesi akaisoma kwa sauti: "Jeideni." Akairudia, safari hii akiwageukia waliokaa. "Jamani, mmeishiwa majina?" Benchi zima likacheka. Yule mama akamtoa mwanawe kwenye mzani, akasema taratibu, "Baba yake ndiye aliyempa." Hakuinua uso tena.

Baada ya watoto wawili akaitwa Liam. Mama yake alikuwa na funguo za gari mkononi. "Jina zuri, dada," nesi akasema. Hakucheka mtu.

Siku ya tatu leo na hasira haijaniisha. Majina yote mawili yametoka ng'ambo. Jina la mmoja, Jayden, limeandikwa lilivyosikika tu, na hivyo hivyo ndivyo wazee wetu walivyompokea Sulayman akawa Selemani, na Joseph akawa Yosefu. Leo nani anamcheka Selemani? Kinachochekwa ni khanga iliyopauka.

Na si kwetu tu. Kevin, kuanzia Nairobi hadi Mbeya, ni jina la kijana yeyote. Ujerumani lilivuma sana mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha likahesabiwa kuwa jina la watu wa chini, na dharau hiyo ikapewa neno lake kabisa: Kevinismus. Mwaka 2009 utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg uliwauliza walimu wa shule za msingi juu ya majina ya wanafunzi, na mmoja akaandika kwamba Kevin si jina, ni utambuzi wa ugonjwa, kama ule wa daktari. Mwalimu! Mtoto hajafungua daftari, keshapimwa.

Sasa geuza upande. Watafiti wawili Marekani walituma karibu maombi 5,000 ya kazi huko Boston na Chicago, sifa zikiwa zinalingana, majina tu yakitofautiana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: wenye majina yanayosikika ya Wazungu waliitwa kwa asilimia 50 zaidi kuliko wenye majina yanayosikika ya Weusi. Kati ya majina yaliyoachwa nyuma lilikuwemo Aisha. Aisha huyu huyu ambaye hapa mtaani ukimwita wanaitika watatu. Nikikumbuka hilo, kicheko cha kliniki kinanichoma zaidi, maana sisi tunajua uchungu wake.

Mobutu, rais wa Zaire, Kongo ya leo, alidhani atamaliza kwa amri, akapiga marufuku majina ya Kizungu mwaka 1972. Leo Kinshasa imejaa akina Patrick.

Haya, nakubali, wapo wazazi wanaookota jina kwenye runinga bila kuuliza maana yake, na mtoto ndiye atakayelieleza maisha yake yote. Hilo mwambie mzazi kabla cheti hakijaandikwa, mkiwa wawili, kwa heshima. Usimwambie mbele ya benchi, mtoto akiwa ananing'inia kwenye mzani.

Wakati wa kutoka nilimkuta yule mama chini ya mwembe, ananyonyesha. Nikamwambia jina la mwanawe ni zuri. Alinitazama kwanza, kuona kama na mimi namcheka.

"La nyumbani tunamwita la babu yake," akasema. "Ila la kwenye kadi ndilo hilo." Akamfuta maziwa shavuni kwa pindo la khanga, akamwita, "Jeideni." Mtoto akageuka.