Mama Yake Alishasema

Ijumaa ile ya tarehe 24 Juni 2022, kabla sijamaliza hata kusoma habari yenyewe kwenye simu, uliingia ujumbe wa sauti kutoka Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Binamu yangu ni muuguzi huko. Nasikia mlango wa gari unabamizwa, kimya kidogo, halafu sauti yake: "Dada, hawa majaji walitudanganya. Walikaa mbele ya Seneti, wakala kiapo, wakatudanganya."

Siku hiyo sikumbishia, maana mtu akiwa na msiba humpi hoja, unampa pole. Tumebishana baadaye, tena sana, na bado hatujamaliza. Mimi nasema hawakudanganya, kwa sababu hawakuwa na haja ya kudanganya.

Kwa ambao hawakufuatilia: siku hiyo Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Dobbs, ilifuta uamuzi wa Roe dhidi ya Wade wa mwaka 1973, uliokuwa ukilinda haki ya mwanamke kutoa mimba nchi nzima. Majaji watano ndio waliotaka Roe ifutwe kabisa. Lawama nyingi ziliwaangukia watatu walioteuliwa na Donald Trump. Seneta Susan Collins wa Maine alikuwa ameshalalamika tangu rasimu ya hukumu ilipovuja mwezi Mei kwamba haikulingana na walichomwambia wawili kati ya hao, Gorsuch na Kavanaugh. Mimi namrudia jaji aliyeiandika hukumu hiyo, Samuel Alito, kwa kuwa faili lake lilikuwa wazi juu ya meza miaka 16 kabla ya siku ile.

Mwaka 1985, akiwa wakili wa serikali mwenye umri wa miaka 35, Alito aliandika barua ya kuomba cheo katika Wizara ya Sheria ya Rais Reagan. Hakuna aliyemlazimisha kugusa suala la mimba. Aliligusa mwenyewe. Alisema anaona fahari kuchangia kesi ambazo serikali ilidai kuwa katiba haiilindi haki ya kutoa mimba, na akaongeza kwamba huo ndio msimamo wake binafsi anaouamini kwa dhati. Sasa jiulize, mtu akisaka kazi huandika nini? Huandika kile anachotaka ajulikane nacho.

Halafu kuna Pennsylvania, na hapa nitakaa kidogo. Jimbo hilo lilitunga sheria kwamba mwanamke mwenye mume akitaka kutoa mimba, kwanza atie sahihi karatasi inayosema amemwarifu mumewe. Daktari atakayemhudumia bila karatasi hiyo anahatarisha leseni yake. Palikuwa na misamaha: mume hapatikani, mume siye mwenye mimba, mume alimbaka na polisi wameshaarifiwa, au mwanamke anahofia kupigwa. Kesi ilipofika mwaka 1991 mahakama ya rufaa, ambako Alito sasa alikuwa jaji, majaji wenzake wawili walikitupa kifungu hicho. Alito peke yake alisema kibaki. Hoja yake ilikuwa kwamba waliokipinga hawakuthibitisha kuwa ni mzigo mzito, kwani wake wengi wanaofikia uamuzi huo huwaambia waume zao hata bila kulazimishwa.

Nimewahi kumsomea hoja hiyo mama mmoja jirani yangu, mwalimu mstaafu asiyependa kabisa habari za kutoa mimba. Akanyamaza, akatikisa kichwa. "Wanaosema wenyewe si ndio hawaihitaji hiyo sheria? Inamkuta yule anayeogopa kufungua mdomo." Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilisema karibu maneno hayo hayo: sheria ipimwe kwa wale inaowabana, na wale isiowahusu wawekwe kando. Kifungu cha mume kikafutwa. Mmoja wa majaji watatu walioandika hukumu hiyo kwa pamoja alikuwa Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza katika mahakama ile. Alipotangaza kustaafu mwaka 2005, kiti chake ndicho alichopewa Alito.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote lakini ni wa mama yake mzazi. Siku Rais George W. Bush alipotangaza uteuzi, waandishi wa habari walimwendea bibi huyo wa miaka 90 nyumbani New Jersey. Hakuzungusha maneno. Aliwaambia kwamba bila shaka mwanawe anapinga utoaji mimba. Wataalamu wa katiba walikesha kwenye televisheni wakichambua koma na nukta, na bibi wa watu ameshajibu.

Kikao cha kumpiga msasa kilifanyika Januari 2006. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Arlen Specter, Mrepublican aliyeunga mkono haki ya kutoa mimba. Alito akaulizwa kuhusu barua ya 1985. Akakiri kwamba ndivyo alivyoamini wakati huo. Je, leo? Leo, akasema, angelisikiliza suala hilo kwa akili iliyo wazi na kuheshimu maamuzi yaliyotangulia. Msome tena polepole. Hapo hakuna ahadi hata moja. Kilichobaki vichwani mwa watu ni machozi ya mkewe aliyetoka ukumbini akilia, na Specter mwenyewe akaja kumpigia kura ya ndiyo.

Hesabu sasa. Wakati ule, kufunga mjadala wa mteule kulihitaji kura 60 kati ya 100 za Seneti, na mjadala usipofungwa hapigiwi kura ya kuthibitishwa. Tarehe 30 Januari hoja ya kufunga ilipita kwa 72 dhidi ya 25. Kesho yake Alito akathibitishwa kwa 58 dhidi ya 42. Maseneta 42 walisema huyu hafai, na hao 42 wangeshikana siku moja tu kabla, 60 zisingetimia. Jitihada za kumzuia ziliongozwa na Seneta John Kerry wa Democratic, aliyetangaza mpango huo akiwa Davos, Uswisi, kwenye mkutano wa matajiri na wakubwa wa dunia. Ikulu ilimcheka. Kusema kweli, hata mimi nilicheka.

Nitawatendea haki hao walioziachia kura zao. Waliogopa kwamba Warepublican wangebadilisha kanuni na kuondoa kabisa kizuizi hicho, na mwaka 2017 ndivyo ilivyokuwa walipompitisha Gorsuch. Pengine wangechelewesha tu. Lakini binamu yangu anaposema "tulidanganywa", namuuliza nani alidanganywa. Waliokuwa na kura walikuwa wameisoma barua.

Kigugumizi hiki cha wateule kina historia. Mwaka 1987 Robert Bork alijibu maswali kwa uwazi wa profesa, akatetea maandishi yake, akaangushwa 42 kwa 58. Tangu hapo kila mteule alijifunza kula na kunyamaza. Clarence Thomas alifika mwaka 1991 akasema hakumbuki kuwahi kuujadili uamuzi wa Roe, na mwaka uliofuata akajiunga na waliotaka ufutwe. Aliyethubutu ni Ruth Bader Ginsburg mwaka 1993. Alisema waziwazi kuwa haki hiyo ni kiini cha utu wa mwanamke, na bado akapita 96 kwa 3. Dunia nyingine ile.

Sisi Wakenya tusicheke sana. Mwaka 2011 Willy Mutunga alipopigwa msasa kuwa Jaji Mkuu, kipini cha sikioni mwake kilikula muda ambao ungeenda kwenye maandishi yake. Hata hivyo kuna jambo moja tulilolifanya tofauti: mwaka 2010 tuliliandika suala la mimba ndani ya katiba yenyewe, Kifungu cha 26, makatazo na misamaha yake, na makanisa yakapiga kampeni dhidi yake hadi siku ya kura ya maoni. Majaji wetu bado hugombana juu ya maana yake, ila wanagombana juu ya maneno yaliyopigiwa kura na wananchi. Marekani ilikaa karibu miaka 50 ikitegemea afya za majaji tisa wazee.

Mimi naamini uamuzi huu ni wa mwanamke na daktari wake. Najua wasomaji wangu wengi hawakubaliani nami. Ndiyo maana navutiwa na yanayotokea sasa kwenye majimbo, ambako angalau watu wanaulizana ana kwa ana. Kansas, ngome ya Warepublican, ilikataa Agosti 2022 kuiondoa haki hiyo kwenye katiba yake, kwa karibu asilimia 59. Wisconsin, jirani wa binamu yangu, ilimchagua Janet Protasiewicz kuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo Aprili 2023 baada ya kampeni ambayo hakuficha maoni yake juu ya mimba. Wapinzani wake walilia kwamba jaji hatakiwi kutoa hukumu kabla ya kesi. Wana hoja, na inanikera kidogo. Ila Julai 2025, mahakama yake ilipoiangusha sheria ya mwaka 1849 ya kukataza utoaji mimba kwa kura 4 dhidi ya 3, hakuna mpiga kura aliyeweza kusema alifumbwa macho.

Binamu yangu haishi kwenye hoja hizi, anaishi kwenye zamu zake. Kliniki pekee ya kutoa mimba ya North Dakota ilihama Fargo Agosti 2022, ikavuka mto Red River, ikafungua milango Moorhead, upande wa Minnesota. Ng'ambo hii ni huduma ya afya, ng'ambo ile ni kosa, na katikati ni daraja la dakika chache kwa gari.

Alito amezaliwa mwaka 1950. Juzi binamu kanitumia majina yanayovumishwa iwapo atastaafu, pamoja na video za hotuba zao. Nikamwambia hotuba akae nazo, anitafutie walichoandika walipokuwa na miaka 35.

"Sawa, dada," akanijibu. "Na namba za simu za mama zao."