Ardhi Inatajwa Kila Asubuhi, Yaliyoipata Hayafundishwi

Ujumbe wa shule umeingia kwenye simu: Septemba 30 kila mtoto avae fulana ya rangi ya machungwa. Basi. Ni siku ya kuwakumbuka watoto wa wenyeji asilia wa Kanada waliopelekwa shule za bweni, ila watafundishwa nini siku hiyo, hakuna hata mstari mmoja. Lakini kilichonichoma zaidi ni mzazi mwenzetu kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Kitchener, Ontario, aliyejibu: "Hayo ni yao na wazungu wao, sisi tumekuja juzi."

Ndugu yangu, tumekuja juzi, sawa. Tunaishi juu ya ardhi ya nani?

Kila asubuhi, pamoja na wimbo wa taifa, binti yangu wa darasa la nne husikia kwenye spika kwamba shule yao imo ndani ya Haldimand Tract, maili sita kila upande wa Mto Grand, ardhi waliyoahidiwa Six Nations, yaani muungano wa mataifa sita ya wenyeji asilia. Amelikariri tamko lote, hakosei neno. Nikamuuliza: nani aliahidi, na ahadi yenyewe iliishia wapi? Hajui. Mwalimu hajawaambia.

Nikamweleza mwenyewe wakati wa chakula, ramani tumeitandaza kati ya sahani. Wahaudenosaunee, ndio hao Six Nations, waliipigania Uingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, wakapoteza makao yao upande wa New York. Mwaka 1784 Gavana Haldimand akawapa bonde hili kama fidia, karibu ekari 950,000. Leo wamebakiwa na chini ya asilimia 5, kule jirani na Brantford. Mwaka 1995 waliishtaki serikali ya Kanada na ya Ontario, wakidai hesabu ya ardhi na fedha zao, na hadi leo wanadai. Binti yangu alisikiliza, kisha akauliza: "Mbona hawarudishiwi?"

Hilo ndilo swali ninalotaka liulizwe darasani, mbele ya mwalimu. Ukitaja ardhi kila siku bila kusema ilivyotoka mikononi mwa wenyewe, unamzoesha mtoto kuiona dhuluma kama tangazo la kupita haraka kabla ya somo la hesabu. Maridhiano gani hayo, kama aliyedhulumu hatajwi?

Fulana nayo ni hivyo hivyo. Watoto wanajua, na nashukuru kwa hilo, kwamba Phyllis Webstad alikuwa na miaka 6 mwaka 1973 alipovuliwa fulana mpya ya rangi ya machungwa aliyonunuliwa na bibi yake, siku yake ya kwanza katika shule ya bweni ya misheni. Nani aliyezianzisha shule hizo? Serikali na makanisa. Nani aliyewalazimisha wazazi? Sheria, mwaka 1920, miaka 13 baada ya Daktari Peter Bryce kuiandikia serikali hiyo hiyo kwamba watoto wanakufa kwa kifua kikuu humo. Zaidi ya watoto 150,000 walipitia huko. Jengo la Mohawk Institute, mojawapo ya shule hizo, bado limesimama Brantford, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa.

Walimu siwalaumu wote. Wapo wanaojitahidi, na mwaka 2018 serikali ya Ontario ndiyo iliyofuta vikao vya kuandika mtaala wa kufundisha historia hii, ilhali Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo za bweni, ilikuwa imeutaka waziwazi mwaka 2015, katika wito wake wa 62. British Columbia wameweza: huko hakuna anayehitimu sekondari bila kusoma kozi ya wenyeji asilia.

Na wewe uliyesema hayatuhusu, wengi wetu tulivishwa kibao shingoni shuleni kwa kuongea lugha ya mama. Tukachapwa. Jioni tulirudi nyumbani, mama akatusemesha kwa lugha ile ile. Watoto wa hapa hawakurudi jioni.

Kikao cha wazazi na walimu ni Novemba. Tukimaliza kuuliza alama za hesabu, tuulize pia Mto Grand unafundishwa darasa la ngapi, na kama kuna mzee wa Six Nations aliyealikwa kuja kuzungumza na watoto. Mimi nitauliza. Naomba nisiwe peke yangu.