Niliomba maji tu, siku ya Idi

Sufuria la pilau limeshafunuliwa, harufu imefika hadi barazani, mimi nikaomba maji. Mama mwenye nyumba akanitazama kama niliyemwambia naenda kula hotelini. "Maji? Mwanangu, leo sikukuu!" Kabla sijajibu, soda iko mkononi na kizibo kimeshang'olewa. Hapo utairudisha vipi?

Nikanywa. Sina ushujaa huo. Kilichonichoma ni shangazi yangu aliyekaa kwenye mkeka pembeni. Ana sukari mwaka wa saba huu, ukoo mzima unajua, naye akashikishwa ya kwake. "Moja tu, shangazi, haina neno." Kwa kuwastahi wenyeji akaimaliza yote.

Jamani! Soda ya mililita 350 huwa na sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 50 kwa siku nzima, na akibaki chini ya 25 ndiyo bora zaidi. Sasa siku moja mtilie mgeni vijiko tisa kwenye kikombe cha chai, mbele ya macho yake, uone kama hatauliza amekukosea nini. Lakini vikija vya baridi, vina rangi ya chungwa, ni ukarimu. Na hapo ni nyumba ya kwanza. Bado kwa mjomba, bado kwa jirani, na kila mlango una kreti lake.

Pilau mniachie. Sahani moja, kachumbari ya kushiba na si vile vipande vitatu vya kupambia, ndizi mbivu, mtu amekula. Kaimati nitaongeza mbili, siwezi kudanganya.

Haya, nakubali, kwa tuliokulia uswahilini soda ilikuwa kitu cha heshima. Ila tuliinywa Idi mbili kwa mwaka! Siku hizi inashushiwa chipsi mayai Jumanne mchana, halafu matembele tunayaita chakula cha shida.

Idi ya Mfungo Tatu karibuni kwangu. Kutakuwa na mtungi wa maji, na ukwaju uliotiwa sukari ya kuonjea tu. Shangazi atamiminiwa wa kwanza. Anayetaka soda, kwa Mangi ni pale kona, na aende kwa miguu.