Wa tatu kwa kura, wa kwanza kwa wajumbe: Ron Paul na watu wake wa mashinani

Usiku wa tarehe 3 Januari 2012, wanachama wa chama cha Republican cha Marekani katika jimbo la Iowa walikusanyika kwenye madarasa, makanisa na kumbi za mitaa yao. Kila mmoja akaandika kwenye karatasi jina la mtu anayetaka chama kimsimamishe kugombea urais, karatasi zikahesabiwa, na wengi wakavaa makoti wakarudi makwao. Wachache walibaki. Walijua kwamba kura ile iliyotangazwa kwenye televisheni haikumfunga mjumbe yeyote, na kwamba kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza: kuchagua watakaokwenda kwenye mkutano wa wilaya, ambao nao wangechagua wa jimbo, hadi kufika mkutano mkuu wa taifa, ambako wajumbe ndio humteua mgombea urais wa chama.

Hesabu ya mwisho ilimpa Rick Santorum ushindi wa kura 34 dhidi ya Mitt Romney. Ron Paul, mbunge wa Texas mwenye umri wa miaka 76, daktari wa uzazi kwa taaluma, alikuwa wa tatu akiwa na kura zipatazo 26,000, sawa na asilimia 21. Agosti mwaka huohuo, mkutano mkuu ulipofanyika Tampa, Florida, Iowa ilikuwa na kura 28 za wajumbe. Paul alipata 22. Romney alipata 6. Santorum alikuwa amejitoa tangu Aprili, na hakupata hata moja.

Je, huu ulikuwa ushindi halali wa watu waliojituma kuliko wenzao, au ni kura za wananchi zilizogeuzwa na wachache waliozijua kanuni? Nimelirudia swali hili mara nyingi, kwa sababu kila harakati ya kumuunga mkono mgombea asiyependwa na wakubwa wa chama hulifikia siku moja. Msimamo wangu ninao, lakini si wa upande mmoja.

Kwanza tuwape haki yao. Paul hakuwa chaguo la mtu yeyote mwenye nafasi katika chama. Alikuwa amepiga kura kupinga vita vya Iraq mwaka 2002, wakati karibu wabunge wote wa chama chake walisema ndiyo. Alitaka Benki Kuu ya Marekani ifutwe na wanajeshi walioko ng'ambo warudishwe nyumbani. Mei 2007, kwenye mdahalo wa South Carolina, alisema mashambulizi ya Septemba 11 yalihusiana na miaka ya Marekani kuingilia nchi za Kiarabu. Mgombea mwenzake, Rudy Giuliani, akamtaka afute kauli, ukumbi ukampigia Giuliani makofi, na wengi wakadhani mzee amekwisha. Kumbe ndipo watu wake walipoanza kujitokeza.

Tarehe 5 Novemba 2007 walifanya harambee ya siku moja kwenye intaneti, wakakusanya zaidi ya dola milioni 4. Tarehe 16 Desemba, siku ya kumbukumbu ya chai iliyomwagwa baharini Boston mwaka 1773, wakakusanya zaidi ya milioni 6. Jambo la kuzingatia ni kwamba harambee hizo hazikubuniwa na ofisi ya kampeni. Wafuasi walizipanga wenyewe, na kampeni ikapokea tu. Robo ya mwisho ya mwaka ule Paul alikusanya karibu dola milioni 20, kuliko mgombea mwingine yeyote wa Republican. Na michango ya wanajeshi waliokuwa kazini ilimwendea yeye zaidi ya wenzake chamani, jambo ambalo wapenda vita wa chama hicho walipaswa kulitafakari.

Hata hivyo, pesa hazikugeuka kura. Katika mchujo wa 2008 alipata takriban asilimia 10 Iowa na 8 New Hampshire. Hapa ndipo wapenzi wa harakati za namna hii hujidanganya: mtu mmoja mwenye moto hutoa dola mia, hubandika mabango, huandika usiku kucha, lakini kwenye sanduku ana kura moja, sawa na jirani yake ambaye hata hakumbuki jina la mgombea mpaka asubuhi ya uchaguzi. Ari haihesabiwi mara mbili.

Isipokuwa kwenye mikutano ya wajumbe. Kule ari huhesabiwa, kwa sababu anayebaki hadi saa tano za usiku ndiye anayechaguliwa. Watu wa Paul walilielewa hili mapema kuliko wote. Mwaka 2012 walikuja na nakala za kanuni mkononi, wakifundishana jinsi ya kuleta hoja, jinsi ya kupinga uamuzi wa mwenyekiti, jinsi ya kupanga orodha moja ya majina ili kura zao zisitawanyike. Wengi wao walikuwa vijana. Pale Iowa, karibu nusu ya wapigakura wa chini ya miaka 30 walimchagua yeye. Minnesota waliondoka na wajumbe 32 kati ya 40. Maine, ambako Romney alitangazwa mshindi kwa tofauti isiyofika kura 200, walichukua karibu ujumbe wote wa jimbo kwenye mkutano wa Mei.

Mtanzania atalipima jambo hili kwa kipimo chake. Kwetu neno "wajumbe" lina uchungu. Baada ya kura za maoni za CCM mwaka 2020, msemo kwamba wajumbe si watu wazuri ulienea hadi kwenye vibanda vya kahawa. Na mwaka 2015 pale Dodoma, wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba kwamba wana imani na Lowassa, lakini jina lake lilikuwa limeshakatwa kwenye ngazi ya juu kabla halijawafikia. Kule Iowa mlango ulikuwa wazi kwa mwanachama yeyote aliyekuwa tayari kukaa kwenye kiti cha chuma na kusubiri. Ninauheshimu mlango ule. Mtu asiye na cheo, asiye na fedha, anaweza kupanda kutoka mtaani hadi ukumbi wa taifa kwa kuhudhuria tu. Nchi chache zina kitu cha namna hiyo.

Lakini sasa twende Nevada, maana hapo ndipo hoja ya wafuasi inapopata jeraha ambalo sijaona mtu akilitibu vizuri. Februari 2012 Romney alishinda Nevada kwa asilimia 50. Paul alikuwa wa tatu kwa asilimia 19, nyuma ya Newt Gingrich. Tofauti na Iowa, kura ya Nevada ilikuwa inawafunga wajumbe: katika wajumbe 28, baada ya wagombea wengine kujitoa, Romney alistahili 20. Mwezi Mei watu wa Paul wakautawala mkutano wa jimbo mjini Sparks, wakajaza nafasi nyingi za wajumbe. Walipofika Tampa, Nevada ikatangaza kura 17 kwa Paul. Watu waliokuwa wamefungwa na kura za wenzao walizipuuza.

Hilo siwezi kulitetea. Mama aliyemaliza zamu hotelini Las Vegas, akaenda kumpigia Romney kura, akarudi kulala, hakukosa bidii ya uraia. Alikuwa na kazi asubuhi. Mfumo unaowapa sauti waliobaki ukumbini huwanyima sauti wenye watoto wadogo, wazee, wagonjwa na wafanyakazi wa zamu. Wafuasi wa Paul walisema wao ndio watu wa kawaida wanaopambana na wakubwa, na dhidi ya viongozi wa chama walikuwa hivyo kweli. Dhidi ya wapigakura, walikuwa wachache wenye muda. Kitaifa mwaka ule Paul alipata kura kama milioni 2 na Romney kama milioni 10. Hakuna hesabu ya haki inayomgeuza Paul kuwa mteule.

Kuna pia mambo ambayo mapenzi ya wafuasi hayakutaka kuyatazama. Majarida yaliyotolewa kwa jina lake miaka ya 1980 na 1990 yalikuwa na maneno ya kibaguzi dhidi ya watu weusi. Alisema hakuyaandika yeye, lakini yalibeba jina lake na yaliuzwa kwa jina lake. Na sisi wa Afrika Mashariki tusisahau kwamba alitaka misaada yote ya Marekani kwa nchi za nje ikomeshwe, ikiwemo ile iliyolipia dawa za UKIMWI Tanzania, Kenya na Uganda. Mtu anaweza kukubaliana naye kuhusu vita na bado akaogopa hilo.

Chama nacho kilijibu vipi? Kilianza kwa kumfanya kama hayupo. Agosti 2011, kwenye kura ya majaribio ya Ames, mji wa Iowa, mgombea mwenzake Michele Bachmann alimshinda Paul kwa kura 152 tu, lakini vyombo vingi vya habari vilimtaja mshindi na kumruka aliyemfuata. Halafu, Tampa, vikaja visu. Karibu nusu ya wajumbe wa Maine waliondolewa na nafasi zao kupewa wengine. Kanuni iliyotaka mgombea awe na wingi wa wajumbe katika majimbo 5 ili jina lake lipendekezwe ikapandishwa: sasa zaidi ya nusu ya wajumbe, katika majimbo 8. John Boehner, Spika wa Baraza la Wawakilishi, aliyekuwa akiongoza kikao, akawauliza wajumbe, "hapana" zikavuma ukumbini kwa sauti kubwa, naye akatangaza kwamba "ndiyo" zimeshinda. Majimbo yalipoitwa kutaja kura zao, katibu aliyekuwa jukwaani alirudia za Romney peke yake. Za Paul hazikurudiwa. Romney alihitaji kura 1,144 na alipata zaidi ya 2,000. Paul alikuwa na zipatazo 190. Hakukuwa na hatari yoyote.

Hapo ndipo nami nasimama upande wa waliotoka ukumbini kwa hasira. Kuwafunga wajumbe kwa matokeo ya kura, jambo jingine lililopitishwa pale, ni kanuni njema, na ingepaswa kuwekwa kabla ya mchezo. Kubadili kanuni mkutano ukiwa umeshaanza, dhidi ya watu wasioweza kukuzuia ushindi, ni kuwafundisha vijana kwamba walikuwa wajinga kuja. Paul mwenyewe alikataa kuhutubia, kwa kuwa masharti yalikuwa hotuba yake ipitiwe kwanza na amuunge mkono Romney bila kusita.

Kilichofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini. Baada ya Tampa, kura yoyote ya jimbo zima ilipaswa kuwafunga wajumbe. Colorado haikutaka kufungwa, ikafuta kura yake ya maoni. Mwaka 2016 wajumbe wakachaguliwa mikutanoni tu, Ted Cruz akawazoa wote 34 waliokuwa wakigombewa, na mpinzani wake Donald Trump akalia kwamba amechezewa rafu. Miezi mitatu baadaye, kwenye mkutano mkuu wa Cleveland, baadhi ya wajumbe walitaka wafunguliwe wapige kura kwa dhamiri ili kumzuia Trump. Wakashindwa, na miongoni mwa kuta walizogonga ni ile ya wajumbe kufungwa, iliyoimarishwa ili mzee wa Texas asisikike.

Iowa nayo ilikuwa imebadilika. Tarehe 1 Februari 2016, karatasi zilipohesabiwa kwenye madarasa yaleyale, wajumbe waligawanywa kwa uwiano wa kura, na kubaki hadi usiku hakukuongeza kitu. Rand Paul, seneta wa Kentucky na mwana wa Ron, alikuwa wa tano kwa asilimia 4.5. Alipata mjumbe 1. Siku mbili baadaye akajitoa.