Mnyama wa Saa Nane Usiku

Kwa siku tatu mfululizo niliamini kwamba nimegundua sauti ya mnyama ambaye sayansi haijapata kumsikia, na kwa siku hizo tatu nilitembea melini kwa madaha ya mtu anayesubiri tu kuulizwa jina lake linaandikwaje.

Tulikuwa tumeteremsha fremu ya chuma hadi kina cha mita 700, ikining'inia kwenye kebo nene, na ndani yake mlikuwa na kamera, taa nyekundu na haidrofoni, yaani kipaza sauti kilichotengenezwa kwa ajili ya kusikia majini. Taa ilikuwa nyekundu kwa sababu wanyama wengi wa kilindini hawaioni rangi hiyo. Maji huunyonya mwanga mwekundu mapema, haufiki huko chini, na macho yao hayana haja nao. Ukiwawashia taa nyeupe, wenye mapezi hukimbia, nawe hubaki ukirekodi giza. Injini kubwa ya meli ilizimwa ili isitupigie kelele, ikabaki jenereta moja inayounguruma kwa adabu.

Zamu yangu ilianza saa sita usiku na kwisha saa kumi alfajiri, nikiwa peke yangu katika chumba cha mitambo, mbele ya skrini. Kilichoonekana kwenye skrini, kwa sehemu kubwa ya usiku, ni theluji ya bahari: mabaki ya viumbe waliokufa, kinyesi na kamasi, vikishuka taratibu kutoka juu kama vumbi katika mwali wa jua, na hicho ndicho chakula cha wengi wanaoishi huko chini. Dakika kumi za kwanza utasema hujapata kuona kitu kizuri namna hiyo. Ikifika saa nane, theluji hiyohiyo inakubembeleza kama mtoto mchanga.

Mashine ya kurekodia ilikuwa na matundu mawili. Tundu la kwanza lilikuwa la haidrofoni. La pili lilikuwa la maikrofoni ndogo iliyosimama mezani mbele yangu, ambayo mkuu wa msafara, daktari wa elimu ya viumbe wa baharini ambaye sote tulimwita Mama Mkuu, alitaka tuitumie kila baada ya robo saa kusema tunachokiona. Sikuitumia hata mara moja. Niliona haya kuongea peke yangu usiku wa manane, nikawa naandika kwenye daftari, na asubuhi Mama Mkuu aliponiuliza kama nimetoa maelezo kwa sauti, nilijibu kwamba nimeyatoa yote. Nawaomba mkumbuke uongo huo, maana una kazi kubwa mbele.

Asubuhi ya kwanza nilifungua rekodi ya tundu la kwanza, nikasogeza mbele hadi saa 8:40 usiku, na hapo nikasikia kitu kilichonisimamisha nywele. Ulikuwa mvumo mrefu wa kooni, unapanda polepole, unakwama, unanyamaza kiasi cha kuhesabu mpaka nne, kisha unaachia kwa mlipuko mdogo wa upepo, pffuu, halafu unaanza tena. Ulidumu dakika hamsini. Katika spektogramu, ile picha inayoonyesha sauti kwa michirizi ya rangi, ulionekana kama ngazi iliyochorwa na mtu aliyelewa.

Nilikuwa nimesoma habari za mngurumo mkubwa ulionaswa na haidrofoni za Marekani katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1997, ambao ulizua ndoto za dude kubwa kuliko nyangumi mpaka ilipobainika kuwa ni barafu ya kusini iliyokuwa ikipasuka. Nikajiambia kwamba wangu si barafu, kwa kuwa barafu haipumziki ili kuvuta pumzi. Nikaenda kwenye video ya saa hiyohiyo, na kwa bahati yangu mbaya nikakuta sifonofori akipita, kamba ndefu ya vipande ving'avu vilivyoungana, akijipinda mbele ya taa. Nikamfanya yeye kuwa mwimbaji. Sifonofori hana mapafu, hana koo, na hana hata ubongo wa kumwambia aanze kuimba, lakini mtu aliyekwisha kuchagua jibu hasumbuliwi na mambo madogo kama hayo.

Kulikuwa na kero moja tu. Nilipofungua rekodi ya tundu la pili, ile ya maikrofoni ya mezani, nilisikia chini ya muungurumo wa jenereta mtu akigonga chuma kwa nyundo. Ko, ko, ko, ko, kwa mpangilio kama saa ya ukutani, kwa dakika nyingi, kisha anaharakisha, anaharakisha, mpaka midundo inaungana na kuwa mlio wa mlango wenye bawaba kavu, kisha kimya, kisha anaanza upya. Nilikasirika. Nikashuka hadi kwa fundi mkuu wa injini, mzee aliyekuwa baharini tangu sijazaliwa, nikamwamkia na kumweleza kwamba tuko katika kazi ya kusikiliza na kwamba si uungwana kugonga vyuma usiku kucha.

"Kijana wangu," akasema bila kuacha kufuta mikono, "mimi usiku huwa nimelala. Wewe je?"

Nikamjibu kwamba mimi huwa kazini, nikapanda ngazi nikiwa na hakika kwamba mzee ananificha jambo.

Usiku wa pili, ili nisinase nyundo zake, niliizungushia maikrofoni ya mezani taulo nene mara mbili, nikalifunga kwa raba. Asubuhi nikakuta nyundo zinasikika vilevile, hazikupungua hata chembe, ila mnyama wangu sasa alisikika kwa mbali, amefifia, kama aliyezungumza nyuma ya godoro. Mtu mwingine angesimama hapo na kufikiri. Mimi niliandika katika daftari, kwa herufi kubwa: "AMEHAMIA KINA KIREFU ZAIDI." Usiku wa tatu nililiondoa taulo kwa kuwa halikunisaidia chochote, naye akarudi kwa nguvu zake zote, nami nikaandika kwamba huenda anapanda na kushuka kufuata chakula, jambo ambalo viumbe wengi wa kilindini hulifanya kweli kila siku, na kwa hiyo nadharia yangu ilizidi kunona.

Jioni ya siku hiyo Mama Mkuu aliwakusanya watu wote katika ukumbi wa chakula ili wasikie. Nilisimama mbele, nikaeleza habari za sifonofori, nikaonyesha ngazi ya mlevi, nikabonyeza kitufe. Sauti ikajaza ukumbi. Mvumo, kukwama, kimya, pffuu. Mpishi alimtazama baharia aliyeketi pembeni yake. Baharia akatazama dari. Nilidhani wameguswa. Nikaongeza sauti, nikasema kwamba sehemu nzuri zaidi bado inakuja, kwa sababu nilikuwa sijaifikia mwenyewe. Nilikuwa nimesikiliza dakika ishirini za kwanza tu za usiku ule wa tatu.

Katika dakika ya ishirini na mbili, mnyama alikwama ghafla, akatafuna kitu kisichokuwepo, akameza mate, kisha akasema kwa sauti nzito lakini inayoeleweka kabisa: "Ndiyo, Mama Mkuu, niko macho." Halafu akaendelea kukoroma.

Sijui kicheko kilidumu muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa bado nimeshika kitufe, na kwamba fundi mkuu wa injini, ambaye hakuwahi kuhudhuria kikao chetu chochote, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

Chanzo kilipatikana kwa nusu dakika. Nyaya zote mbili zilikuwa nyeusi, nami ndiye niliyezifunga utepe wa kuzitambulisha, mwekundu kwa haidrofoni na mweupe kwa maikrofoni ya mezani. Nilizichomeka usiku, taa kubwa zikiwa zimezimwa ili skrini zionekane vizuri, imebaki ile taa ndogo nyekundu ya ukutani. Chini ya mwanga mwekundu, utepe mwekundu na utepe mweupe ni ndugu mapacha. Kabla ya kushusha fremu, mwenzangu alikuwa ameigongagonga haidrofoni kwa kidole kule sitahani, akauliza kwa simu ya upepo kama mashine imeitika. Nikaona mstari wa kijani ukiruka, nikajibu kwamba imeitika, bila kutazama ulioruka ni wa tundu lipi. Na kama ningesema neno moja tu katika ile maikrofoni ya mezani, kama nilivyodai kwamba nilisema, asubuhi ya kwanza ningejisikia mwenyewe nikiongea kutoka mita 700 chini ya bahari.

Mama Mkuu alikuwa amekwisha kuacha kucheka. Alikuwa anafikiria tundu la pili. Akaomba aifungue rekodi ile niliyoiita ya nyundo, na ukumbi ukanyamaza kwa namna nyingine. Ko, ko, ko, ko. Akafumba macho. Wale walikuwa nyangumi wa spemaseti, wale wenye kichwa kikubwa cha mraba, wakiwinda ngisi gizani kwa kutuma midundo na kusikiliza mwangwi wake. Wakikaribia windo midundo huharakishwa mpaka ikawa mkwaruzo mmoja, na kile kimya kinachofuata huweza kuwa dalili kwamba mtu amepata chakula chake. Mabaharia wa zamani waliowasikia kupitia ubavu wa meli waliwaita maseremala. Tulikuwa na saa nyingi za maseremala hao, zilizonaswa kwa karibu na kwa usafi, nami nilikuwa nimewafungia taulo.

Alinifariji kwa kunikumbusha kwamba jeshi la majini la Uswidi liliwahi kuzishuku manowari za kigeni kwa ajili ya sauti ambayo wanasayansi walikuja kueleza kuwa ni samaki wa heringi wakitoa hewa kwa nyuma. Sikuona kama nimefarijika sana.

Nilimfuata mzee wa injini nikamwomba radhi. Akasema hana kinyongo, ila nikimwona huyo fundi mwenzake nimwambie aje kujaza fomu ya kazi za usiku.

Niliomba nifute rekodi yangu, nikakataliwa, kwa kuwa data ghafi haifutwi hata ikiwa ya aibu. Ilihifadhiwa pamoja na nyingine zote, na safu ya spishi, ambayo mimi nilikuwa nimeandika "sifonofori (?)", Mama Mkuu aliisahihisha kwa mkono wake: "Mamalia. Mmoja. Zamu ya usiku."