Yule jamaa wa mlimani aliyetupa mgongo

Ile picha unaijua hata kama mchoraji humjui. Jamaa ana koti la kijani na fimbo, kasimama juu ya mwamba katupa mgongo, nywele zinapeperuka, mbele ukungu umetanda kama bahari na majabali yanachungulia hapa na pale. Ni ya Caspar David Friedrich, Mjerumani, aliichora kama 1818 hivi, iko Hamburg. Siku hizi imekuwa bango la motivesheni, utaikuta kwenye stetasi ya wasap mtu kaandikia "usikate tamaa", basi tabu tupu.

Mi naona tunaisoma kinyume. Eti kashinda, yuko kileleni. Kashinda nini sasa? Mbele hakuna njia, akipiga hatua moja tu kaenda na maji, chini kwenyewe haoni kitu, na uso hatuuoni, huenda analia bwana. Friedrich alilelewa Kilutheri, na akiwa na miaka 13 ndugu yake alizama kwenye barafu akafa, sasa mtu wa hivyo mi siamini alikaa chini kuchora ushindi. Alafu hapo mahali penyewe hapapo! Miamba aliichora mmojammoja huko milima ya Elbe, akaja kuiunganisha nyumbani Dresden, yani hata kilele ni cha kuunga.

Weka pembeni yake picha ya mlima ya Fan Kuan, mchoraji Mchina wa kwenye miaka ya 1000, iko Taipei. Hariri ya zaidi ya mita 2 kwenda juu, mlima umekaba karibu kote, maporomoko ya maji yamebaki uzi mweupe. Watu je? Nilizumu kwenye simu mpaka macho yakauma, kumbe wako chini kabisa kulia, wawili, kama sisimizi, wanaswaga nyumbu wenye mizigo. Mandhari hawana habari nayo, wako kazini. Na mchoraji jina lake kalificha kwenye majani hapohapo nyuma ya msafara, likaja kuonekana 1958.

Hawa ndo nawaelewa. Kila mtu akipost yuko Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mikono juu, peke yake kwenye fremu, najiuliza hema kabeba nani, sufuria za uji kabeba nani. Wapagazi hawamo. Fan Kuan angeanza na wao, yule wa mikono juu sijui angemuweka wapi.