Jicho Lililochomwa na Kuti

Ami yangu ni fundi wa kuezeka makuti huko Mtongwe, Mombasa. Mwaka jana, akiwa juu ya paa, ncha ya kuti ilimchoma jicho la kulia. Akalinawa kwa maji ya mtungi, akaendelea na kazi. Siku ya tatu likawa jekundu, machozi hayakauki. Duka la dawa likamuuzia matone. Wekundu ukapungua, tukasema alhamdulillahi.

Wiki ya pili nilimshika kidevu nikamtazama mchana kweupe. Juu ya kioo cha jicho pana doa jeupe, kingo zake zimechanikachanika kama unyoya, na kwa chini usaha umetuama kama tui zito.

Matone yale yalikuwa ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na jichoni mlikuwa na kuvu.

Sote tunaijua sumukuvu ya mahindi; mwaka 2004 iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Basi Aspergillus flavus, kuvu inayoitoa sumu ile, ni miongoni mwa zile zinazoozesha macho ya watu, pamoja na kuvu nyingine iitwayo Fusarium. Hukaa kwenye majani na udongo, na kuti likikuchoma huingia nalo. Humo hutoa vimeng'enya vya kula nyuzi za konea, yaani kile kioo cha jicho. Ndugu yake, Aspergillus fumigatus, ana sumu iitwayo gliotoksini, ambayo hulemaza chembe nyeupe za damu, yaani askari wetu wenyewe.

Na steroidi je? Huwatuliza askari hao hao! Nafuu ya ami ilikuwa ya macho matupu: wekundu ulipoondoka, ulinzi nao uliondoka, kuvu ikabaki inakula kwa raha. Ndiyo maana nasema kumuuzia mtu matone hayo bila kumuuliza "jicho limeingiwa na nini?" ni kumdhulumu. Swali lenyewe halichukui hata dakika. Akijibu kuti, jani au kumbi la nazi, aelekezwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, akwanguliwe jicho kidogo, nyuzi za kuvu zitafutwe kwa hadubini.

Dawa ipo. Natamisini ya asilimia 5, matone ya kuua kuvu, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Sisi tuliizungukia mji mzima siku mbili. Katika mji wa minazi kama huu, hilo haliniingii akilini.

Usaha uliisha, chamba kikabaki. Ami amerudi kuezeka. Kuti sasa analilenga kwa jicho la kushoto.